Eugene Bingham: Mtu Aliyepima Kizingiti cha Tope

Askari yeyote aliyewahi kutumwa kulinasua lori lililozama katika barabara ya udongo wakati wa masika anazijua tabia mbili za tope. Likiachwa peke yake, tope hutulia kama ardhi. Nyayo zilizopigwa jana hubaki zilivyo, na kingo za mfereji uliochimbwa na magurudumu husimama bila kuporomoka. Lakini gurudumu likizidi kulisukuma, tope lile lile hugeuka uji, likakimbia pembeni na kuliacha gari likizunguka mahali pamoja. Maji hayana tabia hiyo, kwa maana hayawezi kuhifadhi alama ya unyayo hata kwa dakika moja. Jiwe nalo halina, kwa maana halitiririki. Tope limesimama kati ya hayo mawili, na ndugu zake ni wengi: rangi ya ukutani, grisi ya magurudumu, zege mbichi, dawa ya meno, hata uji mzito wa volkano.

Mafundi waliitambua tabia hiyo kwa mikono yao tangu zamani. Mfinyanzi aliijua, mpaka rangi aliijua, na mjenzi aliijua. Hata hivyo, kujua kwa mkono ni jambo moja, na kupima kwa hesabu ambayo fundi wa nchi nyingine anaweza kuifuata ni jambo jingine. Miongoni mwa watu walioivusha elimu hii kutoka mkononi hadi kwenye kipimo, jina linalotajwa kwanza ni la mwalimu mmoja wa kemia wa Marekani, marehemu Eugene Cook Bingham. Jina hilo limo leo katika vitabu vya wahandisi wa mafuta, wajenzi wa madaraja, wachunguzi wa volkano na wataalamu wa maporomoko ya ardhi. Kwa sababu hiyo maisha yake yanastahili kufahamiwa na mtu yeyote ambaye wajibu wake humpeleka kwenye matope na milimani.

KUZALIWA NA MASOMO

Bingham alizaliwa tarehe 8 Desemba 1878 katika kijiji cha Cornwall, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani. Alisoma katika Chuo cha Middlebury, kilichokuwa karibu na kwao, akahitimu mwaka 1899. Kisha akaendelea na kemia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1905. Baada ya hapo alivuka bahari kwenda Ulaya kuongeza maarifa, kwa kuwa katika miaka hiyo maabara za Ujerumani ndizo zilizokuwa mbele katika kemia, na kijana aliyetaka kusimama miongoni mwa wataalamu alipaswa kuziona kwa macho yake.

Aliporejea, mwaka 1906 alianza kufundisha katika Chuo cha Richmond, jimbo la Virginia, ambacho siku hizi ni Chuo Kikuu cha Richmond. Hakikuwa chuo chenye maabara kubwa. Lakini swali lililomshughulisha halikuhitaji mitambo ya gharama. Lilihitaji mirija myembamba ya kioo, saa, mizani, na mtu mwenye subira ya kurudia kipimo kile kile mara nyingi. Swali lenyewe lilikuwa hili: kwa nini baadhi ya vitu hutiririka kwa wepesi na vingine kwa uzito, na je, uzito huo una sheria?

MAMBO YALIYOKUWA YAKIJULIKANA

Ili kuipima kazi ya Bingham kwa haki, yatupasa kutazama nyuma kidogo. Mwaka 1687 Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha elimu ya mwendo, alikichukulia kiowevu kuwa kama matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine. Alidhani kwamba ukinzani wa matabaka hayo huongezeka kwa kadiri mwendo wao unavyoongezeka. Ukizidisha msukumo mara mbili, mwendo nao huzidi mara mbili. Wataalamu huuita ukinzani huo mnato. Maji yana mnato mdogo na mafuta ya injini yana mnato mkubwa zaidi, lakini vyote viwili hutii kanuni hiyo moja.

Katika miaka ya 1840 daktari wa Ufaransa, Jean Poiseuille, aliyetamani kuelewa jinsi damu inavyopita katika mishipa midogo, alipitisha maji katika mirija membamba ya kioo na kupima kwa uangalifu mkubwa. Aligundua kwamba upana wa mrija ndio unaotawala kuliko yote: mrija ukiongezwa upana mara mbili, maji yapitayo kwa msukumo ule ule huwa mara 16. Vipimo vyake vilikuwa sahihi sana, na Bingham alimheshimu maisha yake yote. Ajabu ni kwamba damu yenyewe, iliyomwanzishia daktari huyo safari, haitii kanuni ya Newton kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake mna chembe zinazoshikana na kuachana.

Hapo ndipo palipokuwa na pengo. Sheria zilizojulikana ziliyafaa maji, pombe na mafuta safi. Lakini kazi nyingi za mikono ya binadamu hazifanywi kwa vitu safi. Hufanywa kwa michanganyiko, yaani udongo ndani ya maji, rangi ya unga ndani ya mafuta, saruji pamoja na mchanga na kokoto.

UDONGO NDANI YA MRIJA

Akiwa Richmond, Bingham pamoja na mwenzake walichanganya unga laini wa vitu vigumu na maji, kisha wakapima wepesi wa mchanganyiko huo kutiririka. Matokeo yao yalitolewa mwaka 1911. Waliona kwamba kila walipoongeza unga, wepesi wa kutiririka ulipungua kwa utaratibu ulionyooka. Ukiufuata mstari huo hadi mwisho, ulionyesha kwamba kwa kiasi fulani cha unga wepesi ungekuwa sifuri, maana yake mchanganyiko usingetiririka kabisa.

Hata hivyo, mchanganyiko uliopita kiasi hicho haukuwa jiwe. Ulikuwa tope, na tope husukumika. Mtu mwingine angeweza kusema kwamba kipimo kimekosewa, akaendelea na shughuli nyingine. Bingham hakufanya hivyo. Aliona kwamba pale mstari ulipofika sifuri palikuwa na mpaka kati ya hali mbili za maada. Upande mmoja vipo viowevu, ambavyo hutiririka kwa msukumo wowote hata uwe mdogo namna gani. Upande wa pili vipo vitu vinavyofinyangika, ambavyo hukataa kutiririka mpaka msukumo ufikie kiasi fulani.

Mwaka 1915 alijiunga na Idara ya Taifa ya Viwango ya Marekani mjini Washington, na huko akapata nafasi ya kulichunguza jambo hilo kwa undani. Alipitisha tope la udongo mweupe wa mfinyanzi katika mirija na kuandika kiasi kilichopita kwa kila msukumo. Kama tope lingekuwa kiowevu cha kawaida, mstari wa vipimo ungeanzia kwenye sifuri. Haikuwa hivyo. Katika msukumo mkubwa mstari ulinyooka vizuri, lakini ukiurefusha kurudi nyuma ulikata mbali na sifuri. Sehemu ya msukumo ilikuwa imeliwa na kitu kingine kabla mwendo haujaanza. Sehemu hiyo tunaweza kuiita kizingiti cha mwendo. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1916, na tangu hapo kitu chenye tabia hiyo huitwa kwa jina lake.

Ni haki kusema kwamba Bingham hakuwa mtu wa kwanza kukiona kizingiti. Kabla ya mwisho wa karne ya 19 mtaalamu wa Urusi aitwaye Schwedoff alikuwa amekwisha kukigusa katika majaribio yake ya gelatini. Lakini jambo lile lilibaki kama kioja cha maabara. Bingham ndiye aliyelitwaa na kuonyesha kwamba limo katika vitu vya kila siku, na kwamba fundi akilipuuza hupata hasara.

RANGI SI MAFUTA MAZITO TU

Mwaka 1916 Bingham alihamia Chuo cha Lafayette mjini Easton, jimbo la Pennsylvania, na huko alifundisha kemia kwa sehemu iliyobaki ya maisha yake. Mwaka 1919 yeye na Henry Green walitoa uchunguzi uliowashangaza watengenezaji wa rangi. Viwandani walikuwa wakiihesabu rangi kuwa ni kiowevu kizito, na mzozo kati ya muuzaji na mnunuzi ulihusu uzito huo tu. Wachunguzi hawa wawili walionyesha kwamba rangi nzuri ya mafuta imo katika kundi la vitu vinavyofinyangika.

Maana yake ni rahisi kueleweka na kila aliyewahi kushika brashi. Mpaka rangi anaitaka rangi imtii kwa wepesi anapopitisha brashi, na papo hapo anaitaka isimame ukutani bila kuchuruzika. Kiowevu cha kawaida hakiwezi kutimiza amri hizo mbili. Ukikifanya chepesi kitachuruzika, na ukikifanya kizito brashi itakwama. Lakini kitu chenye kizingiti hutimiza zote. Nguvu ya brashi hukivuka kizingiti, na rangi ikatandaa. Brashi ikiondoka, uzito wa tabaka jembamba la rangi hautoshi kukivuka, kwa hiyo rangi husimama. Ndani ya rangi, chembe za unga hushikana na kufanya kama kiunzi. Brashi hukivunja kiunzi hicho, na utulivu hukijenga upya.

Hapo pana jambo moja ambalo msomaji aliweke moyoni, kwa sababu tutalirudia mwishoni. Fundi asiye mwangalifu akipaka tabaka nene kupita kiasi, rangi hiyo hiyo iliyosimama vizuri jana itachuruzika leo. Rangi haikubadilika. Kilichobadilika ni unene, na pamoja na unene, uzito. Uzito ulipozidi kizingiti, kusimama kukakoma.

Mwaka 1922 Bingham aliyakusanya maarifa haya katika kitabu kikubwa juu ya utiririkaji na ufinyangikaji, kilichotumiwa na wahandisi na wanakemia kwa miaka mingi. Alikuwa pia mpiganiaji wa vipimo vya mfumo wa mita katika nchi iliyong'ang'ania futi na ratili. Aliamini kwamba watu wasiotumia kipimo kimoja hawawezi kusahihishana.

MKEMIA NA MHANDISI

Mwaka 1928 alifika Easton mhandisi wa ujenzi aitwaye Markus Reiner, mzaliwa wa himaya ya zamani ya Austria na Hungaria, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya ujenzi huko Palestina, wakati huo ikiwa chini ya Waingereza. Miaka miwili kabla yake Reiner alikuwa ametoa hesabu za jinsi kitu chenye kizingiti kinavyopita katika bomba. Bingham, ambaye hakuwa mwanahisabati hodari, alimwalika wafanye kazi pamoja.

Katika mazungumzo yao Bingham alibainisha kwamba mkemia na mhandisi wamekutana kwenye swali moja, na kwamba mikutano ya namna hiyo itazidi kuwa mingi. Akaona yafaa liwepo tawi moja la elimu litakalowaweka pamoja. Reiner alimweleza kwamba tawi hilo lipo tayari, nalo ni hisabati za mwendo wa vitu visivyo na mkato. Bingham hakukubali. Alijua wanakemia wenzake. Jina kama hilo lingewatia hofu na kuwafukuza mlangoni. Akaenda kwa mwalimu wa lugha za kale chuoni kwake, na kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutiririka likapatikana jina reolojia. Ikachukuliwa pia, iwe kauli yao, ile itikadi inayohusishwa na mwanafalsafa Heraclitus kwamba kila kitu hutiririka.

Huenda askari akaliona jambo la kuchagua jina kuwa dogo. Lakini yeye anajua kuliko wengi kwamba kikosi kisicho na jina wala bendera ni vigumu kukikusanya. Bingham alikuwa amekwisha kuandaa kongamano la ufinyangikaji chuoni Lafayette tangu mwaka 1924, na watu walikuja wakaondoka. Baada ya jina kupatikana walibaki pamoja. Mwaka 1929 Chama cha Reolojia kiliundwa, na mkutano wake wa kwanza ukafanyika mjini Washington mwezi Desemba mwaka huo. Waliketi pamoja watu wa mafuta, mpira, rangi, unga wa mikate na lami, ambao hapo awali kila mmoja alikuwa akihangaika peke yake.

Kuzaliwa kwa chama hicho kulikutana na mwaka mbaya. Mdororo mkubwa wa uchumi ulikuwa umeanza, na jarida la chama lilikufa mwaka 1932 kwa kukosa fedha. Chama chenyewe hakikufa. Bingham na wenzake waliendelea kukutana na kuchapisha katika majarida ya wengine mpaka hali ilipotengemaa.

MAISHA NJE YA MAABARA NA KIFO CHAKE

Mtu huyu aliyeshinda akipima matone katika mirija alipenda milima. Katika miaka ya 1920, njia ndefu ya waenda kwa miguu ilipokuwa ikibuniwa kupita katika safu za milima ya Appalachia mashariki ya Marekani, Bingham alikuwa kiongozi wa chama cha wapanda milima cha Easton. Alishiriki kuitafuta na kuifyeka sehemu ya njia hiyo ipitayo juu ya Mlima Blue huko Pennsylvania. Njia hiyo ingali ikitumika.

Mwaka 1940, akiwa mtu mzima, alisimamia uchapishaji wa tafsiri ya Kiingereza ya kazi ya Poiseuille, karibu miaka 100 baada ya majaribio yale ya Paris. Ilikuwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu ambaye hakuwahi kumwona. Bingham alifariki dunia mjini Easton tarehe 6 Novemba 1945, akiwa na umri wa miaka 66. Tangu mwaka 1948 Chama cha Reolojia kimekuwa kikitoa nishani yenye jina lake kwa wataalamu waliofanya kazi iliyotukuka katika elimu hiyo.

KAZI YAKE MIKONONI MWA WAHANDISI

Faida ya kizingiti cha Bingham inaonekana kila mahali palipo na kazi nzito. Tuanze na zege. Kabla ya kumimina, fundi hujaza zege mbichi katika koni ya chuma yenye kimo cha sentimita 30, huishindilia, kisha huiinua koni na kupima zege imeshuka kiasi gani. Akijua asijue, anapima kizingiti. Zege iliyoshuka sana ina kizingiti kidogo na mara nyingi ina maji ya kupita kiasi, ambayo huidhoofisha ikikauka. Zege isiyoshuka kabisa haitaingia katikati ya nondo. Ile mashine ya kutetemesha zege nayo hufanya kazi kwa kukivunja kizingiti kwa muda, zege ikajaza pembe zote, kisha ikatulia.

Katika visima vya mafuta hutumika tope maalumu la bentonaiti linalosukumwa chini kupitia bomba la kutobolea na kurudi juu likibeba vipande vya mwamba. Pampu ikizimwa, tope la maji maji lingeacha vipande hivyo vianguke na kukibana chombo chini kabisa. Tope lenye kizingiti huvishika hapo vilipo mpaka pampu iwashwe tena. Lakini kizingiti kikiwa kikubwa mno, nguvu ya kuianzisha pampu inaweza kuupasua mwamba. Mhandisi hutembea kati ya hatari hizo mbili, na kipimo ndicho kinachomwongoza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki upo mfano mkubwa. Mafuta ghafi ya eneo la Ziwa Albert nchini Uganda yana nta nyingi, nayo yakipoa hadi joto la kawaida la mazingira huganda. Bomba lililojaa mafuta yaliyoganda ni kama bunduki iliyoziba. Kwa sababu hiyo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi pwani karibu na Tanga lilibuniwa likiwa na mfumo wa kuyapasha mafuta joto na gamba la kulizuia joto hilo lisipotee.

Grisi nayo ni ya ukoo huo huo. Ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya kiunzi, mara nyingi cha aina ya sabuni. Gari likiwa limesimama karakana, grisi hubaki kwenye beringi pasipo kuvuja, na gurudumu likizunguka hulegea na kulainisha. Dereva wa jeshi anayeweka mafuta mepesi mahali palipoandikiwa grisi, au grisi nzito mahali palipoandikiwa mafuta, hakosi utaratibu wa karatasi tu. Anaipa mashine kitu chenye tabia nyingine.

MAREKEBISHO YA WALIOFUATA

Elimu haikukoma kwa Bingham. Waliomfuata walionyesha kwamba mstari wake ulionyooka ni makadirio. Vitu vingi hupungua uzito kidogo kidogo kadiri msukumo unavyoongezeka, na vingine hukumbuka historia yao, hata tope lililokorogwa sasa hivi likawa na kizingiti kidogo kuliko lile lililotulia usiku kucha. Katika miaka ya 1980 walitokea hata wataalamu waliotilia shaka kuwapo kwa kizingiti cha kweli. Walidai kwamba kitu chochote kikisubiriwa kwa muda wa kutosha kitatiririka, ila polepole mno kwa macho ya binadamu. Mabishano hayo yalikuwa makali na yaliifaidia elimu. Lakini mhandisi anayetaka kujua iwapo zege itasimama mpaka ikauke bado hutumia kizingiti cha Bingham, kwa maana kinamtosha kwa kazi yake.

TOPE LA MILIMANI

Sasa turudi kwenye tabaka nene la rangi. Mlima wenye udongo wa mfinyanzi ni ukuta uliopakwa. Udongo wa juu husimama kwa sababu uzito wake kwenye mteremko haujavuka kizingiti. Mvua kubwa ikinyesha siku nyingi, mambo mawili hutokea kwa pamoja: maji huuongezea udongo uzito, na hapo hapo hulegeza mshikamano wa chembe na kukishusha kizingiti. Mteremko uliosimama miaka 50 unaweza kushuka kwa dakika chache. Watu waliozaliwa chini yake huuamini kwa sababu hawajauona ukisogea, kumbe kusimama kwake hakukuwa ahadi.

Tarehe 1 Machi 2010, katika wilaya ya Bududa kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, kijiji cha Nametsi kilifunikwa na tope la mlima baada ya mvua nyingi. Mamia ya watu walifariki au hawakuonekana tena. Askari na wanakijiji walichimba kwa majembe na sepetu, kwa kuwa mitambo mizito haikuweza kufika. Uji wa volkano nao wachunguzi wengi huuhesabu kwa kanuni ya Bingham, kwani unapopoa kizingiti chake hupanda mpaka usimame. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa Nyiragongo ulikatiza katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia.

Katika misiba ya namna hiyo wanaofika mapema mara nyingi ni askari na polisi. Kwao elimu hii ina maana ya uhai. Tope lililosimama baada ya kuporomoka halijamaliza kazi yake. Limesimama kwa sababu unene na mteremko wake, kwa saa hiyo, viko chini ya kizingiti. Mvua ikirudi, au waokoaji wakilikata sana kwenye mguu wake linapoegemea, linaweza kuanza upya bila onyo. Kwa hiyo kamanda mwenye busara humweka mlinzi wa kutazama juu wakati wengine wanachimba chini. Huangalia nyufa mpya, miti iliyoinama na maji yaliyobadilika rangi, na hujua mapema njia ya kuwaondoa watu wake. Vivyo hivyo polisi anayewazuia wananchi kurudi kutafuta mali zao siku ya pili hawaonei. Anawakinga na jambo ambalo jicho haliwezi kuliona.

Marehemu Bingham hakuwahi kuamuru kikosi. Alifanya kazi akiwa na mrija wa kioo, saa na udongo mweupe, akakataa kukidharau kipimo ambacho hakikulingana na alichofundishwa. Kutokana na ukaidi huo mwema tumejifunza kwamba utulivu wa tope una mpaka, na kwamba mpaka huo unaweza kupimwa kabla haujavukwa. Kila askari anayesimama chini ya mteremko uliolowa na kutazama juu kabla ya kushika sepetu anaitumia kazi ya mwalimu huyo, hata kama hajapata kulisikia jina lake.